Makohozi Yalikuwa ya Nani?

Juzi hapa Karatu binti mmoja aliyemaliza chuo cha maabara alikuja kunisalimia. Akakaa, akanywa chai, akaniuliza kwa adabu zote: “Mama Tluway, ni kweli zamani mlikuwa mnaitafuta TB kwa macho?”

Chai ilinipalia. Zamani! Nimestaafu juzi tu, wanangu, na hadubini niliyoiacha kazini bado iko mezani na inatumika. Nilipopata pumzi nikamwuliza, “Kwani mgonjwa akishaanza dawa, ninyi mnajuaje kama zinamsaidia?” Akasema wanarudisha makohozi kwenye mashine. Nikashtuka mara ya pili. Mashine mpya ni nzuri, sina ugomvi nayo. Inautambua ugonjwa ndani ya saa chache, tena inakuambia kama mdudu ni sugu, yaani hasikii dawa. Lakini haina habari kama mdudu yu hai au ni mzoga. Mgonjwa anayepona anaweza kuendelea kukohoa mizoga kwa muda mrefu, na mashine itasema TB ipo. Hadubini inakuonyesha wanavyopungua: mwanzo plasi tatu, yaani wamejaa kila mahali, halafu mbili, halafu moja, halafu unatafuta mpaka macho yanatoa machozi na huoni hata mmoja. Ndiyo maana mgonjwa akiwa kwenye dawa tunamfuatilia kwa hadubini hadi leo.

Basi nikaona niwaandikie ninyi mnaoingia maabara sasa. Nitawaambia hadubini inaona nini. Nitawaambia pia kitu ambacho haikioni, maana hicho kilinikuta mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kimaro, Mchaga aliyekuja Karatu akiwa kijana na hakurudi tena kwao ila kwa Krismasi. Alikuwa haamini kitu. Ukimwambia nje kuna mvua, anachungulia dirishani. Kupaka makohozi kwenye slaidi alitufundisha kwa gazeti. Unapaka, unaacha ikauke, unaiweka slaidi juu ya gazeti. “Maandishi yakisomeka kwa taabu, umepatia,” alikuwa akisema. “Yakisomeka vizuri, umepaka maji. Yasiposomeka, umepaka ugali.”

Halafu rangi. Nyekundu unaimwaga juu ya slaidi, unapitisha moto kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda, ila isichemke. Baadaye asidi, ambayo inang’oa ule wekundu kwenye kila kitu isipokuwa mdudu wa TB, kwa kuwa yeye amejivika ganda la nta. Mwisho bluu, ili mandhari ipate rangi yake. Unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi, na hapo unaona duara la bluu lenye vijiti vyembamba vyekundu, kimoja kimoja au vimelaliana kama kuni. Unasogeza, duara jingine. Kabla hujasema hakuna, unasoma maduara mia moja. Si tisini. Mimi nimekwenda kanisani Jumapili nyingi na vidole vya bluu, na kina mama wa kwaya waliwahi kuniuliza natumia wino gani kufulia.

Nilikosea, tena mapema. Mwaka wangu wa kwanza niliandika wagonjwa sita wa TB kwa asubuhi moja, nikampelekea Mzee Kimaro daftari nikiwa najisikia shujaa. Akasoma. “Sita? Karatu tumevamiwa?” Hakunigombeza. Alichukua slaidi mpya kabisa, haijapakwa kitu, akadondosha mafuta kutoka kwenye chupa yangu, akaniambia nitazame. Nilitazama. Kulikuwa na vijiti vyekundu viwili. Kwenye kioo kitupu! Ncha ya chupa yangu ilikuwa imegusa slaidi ya mgonjwa wa kwanza, mwenye plasi tatu, nami nikawagawia wale watano wadudu wake. Alinituma mimi mwenyewe nikawatafute wote watano pale kwenye mabenchi, nikawaambie warudie kipimo, na kisa ni mimi. Tangu siku hiyo tone langu la mafuta linaanguka kutoka juu. Halikigusi kioo.

Lakini sheria yake kubwa ilihusu kikopo. “Toka nje na mgonjwa,” alisema. “Simama upande upepo unakotokea. Mtazame akivuta pumzi, mtazame akikohoa, hakikisha ni makohozi na si mate. Halafu andika jina kwenye kikopo chenyewe, si kwenye mfuniko, mifuniko hubadilishana. Kikopo hakina mdomo wa kukuambia kimetoka kwa nani.”

Niliishika sheria hiyo miaka mingi. Nikahamishwa kwenda kituo kimoja cha afya upande wa Ngorongoro, sitakitaja jina, nikawa naishika hata huko. Kuna baba alitoka Digodigo, siku mbili njiani, nikamtazama akikohoa nje, kikopo kikajaa vizuri. Slaidi ikajaa vipande vya ajabu ambavyo sijawahi kuviona, nikashindwa kulala vizuri nikidhani nimegundua ugonjwa mpya. Kumbe alikunywa uji wa mtama kwanza na hakusukutua. Nilimwambia, “Baba, hongera. Kifua chako hakina TB, kina uji.” Alicheka mpaka akakohoa makohozi ya kweli.

Niliishika, nasema, mpaka siku nilipoiacha.

Ilikuwa kabla mashine mpya hazijatufikia. Mwenzangu wa maabara alikuwa likizo, niko peke yangu, na nje foleni ya homa imefika kwenye geti. Akaja mzee mmoja kutoka Piyaya, Mzee Saruni, mrefu, amejifunga shuka mbili, fimbo yake nyembamba begani. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, cha kugonga, kama mtu anayepiga mlango. Amekonda. Aliongozana na mke wa mwanawe, Nashipai, msichana wa kama miaka ishirini, na mgongoni ana mtoto wa kike wa miezi minane, Naserian. Mume wa Nashipai alikuwa mlinzi kwenye loji huku Karatu. Nashipai ndiye aliyekuja kwa sababu alimaliza darasa la saba na ndiye mwenye Kiswahili pale boma. Kimaasai changu mimi kinaishia kwenye salamu na kuulizia ng’ombe.

“Takwenya,” mzee akanisalimia.

“Iko,” nikaitika, nikampa kikopo, nikamweleza Nashipai: avute pumzi ndefu mara tatu, akohoe kutoka chini kifuani, ateme humu, afunge. Nashipai akatafsiri, macho chini. Hakumwita baba mkwe wake kwa jina. Alimwita Pakiteng’, kama wanavyoitana waliopeana ng’ombe. Mzee alikigeuza kile kikopo mkononi, akakitazama mfuniko, akasema maneno mengi kidogo kwa sauti ya chini.

“Anasemaje?” nikauliza.

“Anasema sawa,” Nashipai akajibu.

Foleni ilikuwa inanung’unika. Nikafikiri, mzee mtu mzima kama huyu nimsimamie akitema, si heshima. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Nikasema, “Mpeleke nyuma ya jengo, kwenye upepo. Nipe mtoto nikushikie.”

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. Nikamshika Naserian kwa mkono mmoja, mkono mwingine nachoma watu vidole kwa kipimo cha malaria. Alikuwa mtoto mtulivu. Alikishika kidole changu cha bluu akakitia mdomoni, nikakitoa. Baada ya muda kikopo kikarudi. Makohozi mazuri sana, mazito, ya kuvutika. Yale ambayo Mzee Kimaro angeyasifu. Nashipai alikuwa anahema.

“Pole, mama,” nikamwambia. “Moshi wa nyumbani, eh?”

“Moshi,” akasema.

Kesho yake asubuhi wakaleta kikopo cha pili, cha makohozi ya alfajiri. Nikapaka, nikapasha, nikasoma. Nikashtuka: plasi tatu, vyote viwili. Kila duara limejaa. Niliandika matokeo ya Mzee Saruni kwa wino mwekundu, na daktari wetu, kijana wa Arusha aliyekuwa mpole mno, akamwanzishia dawa. Sheria ilitaka awepo mtu wa kumsimamia mzee ameze dawa kila siku nyumbani. Nani anayejua kusoma? Nashipai. Daktari aliuliza pia kama kuna mwingine anayekohoa pale boma. Swali likapita kwa Nashipai, likaenda kwa mzee, jibu likarudi kwa Nashipai: “Hakuna.”

Miezi miwili ikaisha wakarudi kwa kipimo cha kufuatilia. Mzee alikuwa mbaya zaidi. Dawa zilimtapisha, chakula hakitaki, na mkojo wake umekuwa mwekundu. Tulimweleza kwamba ni rangi ya dawa lakini hakutuamini. Nilikuwa peke yangu tena? Hapana. Siku hiyo sikuwa na kisingizio hata kimoja. Nilimpa kikopo, wakaenda nyuma ya jengo, kikarudi. Nikaweka slaidi chini ya lenzi nikitegemea kuona vijiti vichache, pengine hakuna. Duara la kwanza lilikuwa limejaa. La pili limejaa. Nikainua kichwa, nikaifuta lenzi, nikarudia. Plasi tatu, kama vile mzee hajameza hata kidonge kimoja.

Nilipompelekea daktari alishika kichwa. “Ni sugu, Mama Tluway. Huyu lazima apelekwe hospitali ya wagonjwa sugu, mbali, miezi mingi.” Akamwita Nashipai atafsiri.

Sijawahi kuona habari ikimwingia mtu vile. Nashipai hakutafsiri. Alisimama akamtazama daktari. Daktari akarudia taratibu, akidhani hajaelewa. Ndipo akageuka akamwambia mzee maneno mafupi. Mzee Saruni alikaa chini sakafuni, fimbo ikamtoka. Tayari kule nyumbani wazee wa rika lake walikuwa hawakai naye tena. Kibuyu chake cha maziwa kiliwekwa peke yake. Sasa anaambiwa atapelekwa mbali na ng’ombe wake, kwa watu asiowajua, akiwa amekula dawa zote bila kukosa siku. Alisema kitu kimoja. Nashipai akakitafsiri huku machozi yanamdondoka: “Anauliza, amemkosea nani?”

Daktari akaagiza vikopo vingine viwili vya kupeleka kupimwa usugu. Nikawapa kimoja, wakatoka nyuma ya jengo.

Nikaenda kuosha slaidi, bomba limekauka. Maji yamekatika. Nikachukua ndoo, nikatoka kwenda kwenye tenki, na tenki liko nyuma ya jengo. Hivyo tu. Hakukuwa na akili yoyote, wanangu, wala maono. Ilikuwa ndoo.

Nilipokata kona nikamwona Mzee Saruni ameketi kwenye jiwe, amenipa mgongo, anatazama milima. Hatua kumi kutoka kwake Nashipai ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, mtoto anayumba mgongoni, na anakohoa. Anakohoa kutoka chini, mpaka magoti yanakunjika. Kisha akatema ndani ya kikopo, akafunga mfuniko, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka.

Ndoo ilinianguka. Yeye akageuka, akaniona.

“Nashipai,” nikasema. “Unafanya nini?”

“Mzee hana makohozi,” akasema kwa kunong’ona. “Namsaidia.”

“Tangu lini?”

Akakishika kikopo kwa mikono miwili.

“Nashipai, tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Vikopo vyote?”

“Vyote ni mimi.”

Nilikuwa nimesoma makohozi yale mara tatu. Nilivijua vijiti vyake kama ninavyojua mistari ya kiganja changu, na mwenye nayo alikuwa amesimama mbele ya dirisha langu, ananikabidhi kwa mkono wake, anahema, nami namwambia pole kwa moshi. Mzee wa watu amelishwa dawa kali miezi miwili kwa ugonjwa asiokuwa nao. Mgonjwa ndiye aliyekuwa akimhesabia vidonge kila asubuhi, halafu anakaa kumnyonyesha mtoto.

“Kwa nini, mwanangu?”

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Siku ile ya kwanza mzee hakusema sawa. Alisema mate ya mzee ni ya baraka, huwatemea watoto na ndama ili wakue, hayafungiwi kwenye kopo akapewa mtu asiyemjua. Alisema hatatema, warudi nyumbani. Nashipai alimwona anakonda, akaogopa wakirudi mikono mitupu atakufa. Yeye mwenyewe kikohozi kilikuwepo tangu ajifungue. Akaona ni makohozi tu, kikopo kijae, mzee apate dawa. Mzee alimwambia kwamba daktari anamjua kwa kumsikiliza kifua, kikopo ni utaratibu tu wa kituo.

“Na tuliposema ni TB?”

“Nikajua ni mimi.” Alisema hivyo, bila kujificha. “Kila siku nilisema kesho nitasema. Nimwambie nini Pakiteng’? Kwamba ninamlisha ugonjwa wangu? Nikaogopa watanirudisha kwa baba yangu na kuninyang’anya mtoto. Halafu kila kesho ikawa mbaya kuliko jana.”

Hapo ndipo nilipomtazama mtoto. Alikuwa na miezi kumi sasa, na alikuwa mwepesi kuliko siku nilipomshika. Kichwa kimelala nyuma kwa namna ambayo haikunipendeza. Nikamgusa. Anawaka. Nikajaribu kumwinamisha kichwa kuelekea kifuani, shingo ilikataa. Alilia kilio chembamba, cha juu, ambacho sijawahi kukisahau.

“Ameanza lini kuwa hivi?”

“Siku tatu. Nilidhani meno.”

Nilikimbia. Mimi, na unene wangu huu, nilikimbia hadi kwa daktari nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alisimama mdomo wazi. Hatukuwa na muda wa kushangaa vizuri. Gari la wagonjwa likawashwa, Nashipai akapanda na mtoto, na mimi nikapanda kwa sababu nilishindwa kubaki. Njia ya kwenda hospitali ya Wasso mnaijua, ni mawe na vumbi, kila shimo kilio kimoja. Njia nzima Nashipai alikuwa akikohoa pembeni, kwenye shuka, uso ameugeuza. Nilitambua kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Aligeuza uso. Alidhani inatosha.

Mtoto wa miezi kumi hawezi kutema kwenye kikopo. Kwa Naserian hadubini yangu haikuwa na la kusema. Ugonjwa wake tungeujua mapema kupitia kwa mama yake tu. Pale hospitali walifanya yote waliyoweza. TB ilikuwa imemfika kwenye ubongo. Siku ya nne, asubuhi, watu wakiwa wanapanga foleni ya chai, akafariki.

Nashipai hakulia. Alimfunga mtoto vizuri kwenye kitambaa, akaniuliza, “Sasa nianze dawa leo au kesho?” Muuguzi ndiye aliyemshika mkono.

Mzee Saruni naye aliletwa baadaye, akapigwa picha ya kifua hapohapo hospitali. TB hakuna. Mapafu yaliyochoshwa na moshi wa miaka mingi. Akaachishwa zile dawa, akapewa nyingine, na baada ya wiki chache akaanza kula. Kituoni nilifungua daftari, nikakata mistari yote yenye jina lake, nikaandika kando kwa mkono wangu: makohozi hayakuwa ya mgonjwa huyu, msimamizi wa ukohoaji hakuwepo. Msimamizi ni mimi. Nikaweka sahihi. Nilipewa barua ya onyo, nikaipokea. Mtu mmoja aliniambia niseme tu familia ilitudanganya. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Ikabidi kupima boma zima. Daktari na mimi tulikwenda Piyaya na sanduku la vikopo, na nilijua tutakutana na nini. Wazee walikuwa wamekaa upande mmoja, hakuna aliyetaka kusogea. Nilikuwa natafuta maneno ya kuwabembeleza. Mzee Saruni akasimama. Alikuwa bado dhaifu. Alikuja mpaka kwenye sanduku, akachukua kikopo, akakiinua kila mtu akione, akasema kwa Kimaasai kitu ambacho Nashipai alikitafsiri akiwa amesimama mbali, uso amefunika kwa shuka:

“Anasema, mate yangu niliyabana, na mjukuu wangu amelipa. Anayetaka kubana na abane akiniangalia.”

Kisha akakohoa pale pale, mbele ya wakwe na watoto. Ulikuwa ni mkwaruzo tu, hayakutoka makohozi ya maana. Lakini akatema, akafunga, akanipa mkononi. Hakuna aliyekataa baada ya hapo. Nilisimama na kila mmoja wao, upande upepo unakotokea, mpaka jua likageuka. Tulimpata mmoja zaidi, bibi mzee aliyelala nyumba moja na Nashipai, kikohozi chake kimezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyekisikia tena. Pengine alianza yeye. Alimaliza dawa, akapona.

Nashipai alitumia dawa bila kukosa. Mwezi wa pili alikuja, nikatoka naye nje, nikasimama, nikamtazama akikohoa. Slaidi ikaonyesha vijiti vichache sana, vya kuhesabu kwa vidole. Tulipofika mwisho wa matibabu akaja tena, amenenepa, shanga mpya shingoni. Ilimchukua muda mrefu kupata hata makohozi kidogo. Nikapaka, nikapasha rangi. Alikuwa amesimama mlangoni.

“Naomba nione,” akasema.

“Uone nini?”

“Waliomuua.”

Slaidi za zamani huwa tunazitunza kwenye sanduku ili wakaguzi waje wazisome upya. Nilikuwa nayo ile ya kwanza kabisa. Niliitoa, nikaiweka, nikamrekebishia kiti. Aliinama kwenye hadubini.

“Ni hawa wekundu?”

“Ndio hao.”

“Wanapendeza,” akasema. “Nilidhani watakuwa na sura mbaya.”

Nikaitoa, nikaweka mpya, ya siku ile. Akatazama. “Hapa hamna kitu.”

“Hamna.”

“Tafuta tena.”

Tukatafuta pamoja. Mimi nasoma duara, nampisha, yeye anatazama, nasogeza. Alikuwa akihesabu kwa Kimaasai. Wagonjwa walisubiri, sikujali. Tulipofika mia akainuka, akajinyoosha mgongo.

“Siku ile ya kwanza,” akasema, “nilisimama pale dirishani kwako. Ulinitazama usoni, ukaniambia pole. Hukuniona. Ukaenda kutazama makohozi yangu, ukaniona. Halafu ukaniandika jina la mtu mwingine.”

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nilisimama na slaidi mkononi, mtu mzima, fundi wa miaka yote ile.

Akavuta pumzi, akanyoosha mkono mezani, akachukua kikopo kimoja kipya. “Kuna mama wa boma la jirani anakohoa tangu mvua za kwanza. Anaona aibu kuja. Nimpelekee hiki?”

“Hapana,” nikamwambia, nikakichukua mkononi mwake. “Mlete mwenyewe.”

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali. Siku ya tatu niliinua macho kwenye dirisha, nikawaona wanaingia getini kwa miguu, vumbi mpaka magotini, Nashipai amemshika yule mama mkono. Nikaivua glavu niliyokuwa nayo, nikavaa mpya, nikatoka nje.